Hisa za marehemu na hisa za zawadi: mmeuliza, tunajibu

Barua za mirathi zimejaa kikapu, na nyingi mwezi huu zinahusu hisa. Tumechagua sita. Mahali ambapo majibu yanagusa kodi, tumetumia viwango vya Tanzania Bara tunavyovijua. Sheria ya fedha huweza kuvigusa kila mwezi wa Julai, kwa hiyo hakikisha TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya kulipa.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa na kampuni ya vifaa vya ujenzi na mwenzake: hisa 100 za shilingi 100,000 kila moja, mume wangu 60, mwenzake 40. Wao wawili ndio wakurugenzi. Ameniacha mke mmoja na watoto watano wakubwa, wa kiume wawili na wa kike watatu. Wazazi wake walishatangulia. Sisi ni Waislamu. Shemeji zangu wamekaa kikao wakagawa: lori la kampuni kwa mtoto mkubwa, stoo kwa wa pili, mimi na mabinti tuchukue fedha za benki. Mwenzake naye anashauri tujaze fomu ya kuhamisha hisa, tuweke tarehe ya nyuma na sahihi ya marehemu, tusisumbuke na mahakama. Tufanyeje?
*Mjane, Tanga*

Pole sana, mama. Fomu hiyo usiiguse. Kuweka sahihi ya mtu aliyekufa ni kughushi, hata kama familia nzima imeridhia, na siku mtoto mmoja au mkopeshaji akilinganisha tarehe na cheti cha kifo, uhamisho wote unaanguka na walioshiriki wanafunguliwa kesi ya jinai. Mwenzake huenda ana nia njema. Bado usisaini.

Kikao cha shemeji zako kimegawa vitu ambavyo havikuwa vya marehemu. Lori, stoo na akaunti ya benki ni mali ya kampuni, na kampuni ni mtu wa peke yake mbele ya sheria. Msimamo huo umesimama tangu kesi ya Salomon iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1897, na mahakama zetu zinaufuata. Mume wako alikuwa na hisa 60, basi. Hizo 60 ndizo zinazoingia kwenye mirathi. Mtoto akiondoa lori uani amechukua mali ya kampuni, na mwenye hisa 40 ana haki ya kumdai alirudishe.

Anzeni na cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), kisha mfungue shauri la mirathi. Kwa kuwa mnafuata sheria ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi inaweza kulisikiliza. Mirathi isiyofuata mila wala Uislamu huenda Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Ombi ni Fomu Na. 1. Mahakama nyingi zitataka kuona muhtasari wa kikao cha familia kilichompendekeza msimamizi, kwa hiyo uandaeni na kila mrithi asaini. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, na baadaye hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Kwenye Fomu Na. 5 andikeni jina kamili la kampuni, namba yake ya usajili na idadi ya hisa. Tunaona fomu zilizoandikwa “kampuni ya marehemu” tu. Hizo hurudishwa, maana kampuni haikuwa ya marehemu na hakuna anayejua hisa ni ngapi.

Sasa mgawanyo. Baada ya gharama za maziko, madeni na wosia kama upo (usiozidi thuluthi), wewe unapata thumuni (moja ya nane) kwa sababu kuna watoto. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akichukua mafungu mawili ya wa kike. Mafungu ni saba: mawili, mawili, moja, moja, moja. Thumuni ya hisa 60 ni saba na nusu. Zinabaki 52 na nusu, ukigawa kwa saba kila fungu ni saba na nusu. Kwa hiyo wewe 7.5, kila mtoto wa kiume 15, kila binti 7.5.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama, maana rejista (daftari la wanahisa) haiandiki nusu hisa. Wengine huamua “tukaze” mabinti wapate saba, wavulana wapewe zilizobaki. Msikubali, hiyo ni haki ya mtu. Dawa ni kuzigawa hisa zenyewe ziwe ndogo: mkutano mkuu wa kampuni unapitisha azimio kwamba kila hisa ya 100,000 iwe hisa kumi za 10,000. Mtaji unabaki shilingi milioni 10, hisa zinakuwa 1,000, za marehemu zinakuwa 600. Thumuni yako ni 75. Zinabaki 525, fungu ni 75. Kila binti 75, kila mvulana 150. Jumlisha: 75, na 300, na 225. Ni 600 kamili, hakuna aliyepunjwa hata hisa moja.

Lakini mkutano huo unahitaji wanahisa, na mmoja wao ni marehemu. Katiba nyingi za kampuni (memarti) zinataka wanahisa wawili ndipo akidi itimie, na zinasema msimamizi wa mirathi anaweza kupokea gawio (mgao wa faida) ila hapigi kura mpaka jina lake liingie kwenye rejista ya wanahisa. Nafasi ya mkurugenzi aliyefariki nayo iko wazi. Kwa hiyo mpangilio ni huu: mwenzake, kama mkurugenzi aliyebaki, anajaza nafasi hiyo kwa namna katiba inavyoruhusu, bodi inapokea hati ya usimamizi na kumwingiza msimamizi kwenye rejista kwa hisa 60, mkutano unapitisha azimio la kugawa hisa, ndipo msimamizi anasaini hati ya uhamisho kwa kila mrithi. Mkiruka hatua moja, zilizofuata zote zina ufa.

Kisha BRELA (msajili wa kampuni), kwa mfumo wa usajili wa mtandaoni. Mtapakia cheti cha kifo, hati ya usimamizi, hati za uhamisho, maazimio, pamoja na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi) za warithi wote. Taarifa za wamiliki manufaa (watu wanaonufaika hasa na kampuni) nazo zibadilishwe. Kama kampuni haijawasilisha ritani za mwaka (taarifa zake za kila mwaka kwa msajili), tegemeeni kuambiwa mlipe na kuziwasilisha kwanza, na faini ya ucheleweshaji huongezeka kila mwezi.

Jambo la mwisho kwako, mama: kurithi hisa si kurithi ukurugenzi. Ukitaka kusaini hundi za kampuni lazima uteuliwe mkurugenzi, halafu bodi ipeleke azimio jipya la watia sahihi benki. Na kwa kuwa asilimia 60 inahama mikono, mwoneni mhasibu kabla ya kupakia chochote: sheria ya kodi ya mapato inaitazama kwa jicho la pekee kampuni ambayo umiliki wake umebadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, na kodi hiyo huidai kampuni yenyewe.

Mahakama imeniteua msimamizi wa mirathi ya baba. Nimepeleka hati kwenye kampuni ya familia, baba zangu wadogo ambao ni wakurugenzi wanasema katiba inawaruhusu kumkataa mwanahisa yeyote. Ni kweli?
*Binti wa kwanza, Moshi*

Ni kweli nusu. Kampuni binafsi lazima iwe na kizuizi cha kuhamisha hisa, na katiba nyingi huwapa wakurugenzi uwezo wa kukataa uhamisho. Lakini kampuni haiwezi kukataa kutambua hati yako ya usimamizi: sheria ya makampuni inaitaja kuwa ushahidi wa kutosha wa mamlaka yako juu ya hisa za marehemu. Wanachoweza kubishania ni nani aandikwe kwenye rejista. Kwamba hisa ni za mirathi, hilo limekwisha.

Omba nakala ya katiba BRELA (usitegemee ile iliyoko kabatini kwao, mara nyingi ni ya zamani) na usome vifungu viwili: uhamisho wa hisa, na hisa za mwanahisa aliyefariki. Angalia kama kifungu cha kukataa kinagusa mirathi au mauzo kwa watu wa nje tu. Angalia pia kama wanahisa waliopo wana haki ya kuuziwa kwanza, na bei inapangwaje. Kama ipo, huenda baba wadogo wana haki ya kuzinunua hisa kwa thamani halali inayotokana na hesabu zilizokaguliwa. Kukupa shilingi mia mia zilizoandikwa kwenye cheti cha mwaka 1985 si kununua.

Halafu andika barua rasmi, ambatisha hati ya usimamizi, dai jibu la maandishi, na uweke sahihi ya aliyeipokea kwenye nakala yako. Wakikataa bila msingi au wakinyamaza, unaiomba Mahakama Kuu iamuru rejista irekebishwe. Wakati huo gawio ni la mirathi. Lidai kwa maandishi kila linapotangazwa, maana wakurugenzi wasiotaka kukuandika mara nyingi ndio hao hao wanaogawana gawio lako.

Nina hisa 700 kati ya 1,000 za kampuni ya kusaga na kufungasha unga. Binti yangu ndiye anayeendesha kinu. Nataka nimpe hisa 200 nikiwa hai, bila malipo. Cheti cha hisa nimeshampa mkononi. Inatosha?
*Mama wa Mwanza*

Haitoshi, mama. Cheti ni ushahidi tu. Binti anakuwa mwanahisa siku jina lake linapoandikwa kwenye rejista, na bodi haiwezi kuliandika bila hati ya uhamisho yenye sahihi yako na yake. Ukifariki kabla ya hapo, wanao wengine watasema hisa 200 bado ni mirathi, na watakuwa na hoja nzito.

Kabla ya kusaini, tazama namba. Sasa una asilimia 70: azimio la kawaida, linalotaka zaidi ya nusu ya kura, unalipitisha peke yako. Ukitoa 200 unabaki na 500, nusu kamili, na nusu kamili haipitishi kitu. Wenye hisa 300 nyingine wakiungana na binti, kampuni inasimama kura 500 kwa 500. Ukitoa 190 unabaki na 510 na mamlaka yako yako palepale. Hisa kumi hizo utampa baadaye ukitaka. Azimio maalumu, kama la kubadilisha katiba, linataka robo tatu ya kura, na hilo hata leo hulipitishi peke yako.

Kodi sasa. Wengi hudhani zawadi haina kodi kwa sababu hakuna fedha iliyopita. Kwa uhamisho kwa ndugu wa karibu au bila malipo, sheria inahesabu kana kwamba umeuza kwa bei ya soko. Tuseme hesabu zilizokaguliwa zinaonyesha mali za kampuni ni milioni 310 na madeni milioni 70. Inabaki milioni 240, kwa hisa 1,000 ni shilingi 240,000 kila moja. Hisa 200 ni milioni 48. Kama ulizipata kwa 10,000 kila moja, gharama yako ni milioni 2, na faida ni milioni 46. Kwa mkazi wa Tanzania kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 10, yaani shilingi 4,600,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani ya hisa, shilingi 480,000. Hiyo ni kama TRA itaikubali thamani hiyo. Kinu kikiwa kwenye kiwanja kilichonunuliwa zamani na kuandikwa vitabuni kwa bei ya zamani, jiandae kuulizwa bei ya leo.

Watu wengine huandika kwenye hati “kwa malipo ya shilingi 10,000 kwa hisa” ili kodi ipungue. TRA wanaomba hesabu za kampuni, wanaona thamani halisi, na mnabaki mnadaiwa kodi, riba, na maelezo ya kwa nini mliandika mauzo yasiyokuwapo. Andikeni zawadi kuwa zawadi.

Mfuatano: soma katiba uone kama wanahisa wengine wana haki ya kupewa nafasi kwanza hata kwenye zawadi, na kama ipo waombe waiachie kwa maandishi. Saini hati ya zawadi na hati ya uhamisho mbele ya wakili. Lipa stempu ndani ya siku 30 tangu kusaini, kwa sababu hati isiyo na stempu haipokelewi mahakamani kama ushahidi. Maliza na TRA, bodi ipitishe azimio, rejista iandikwe, cheti chako cha zamani kifutwe na vitolewe viwili vipya, cha 500 (au 510) na cha binti. Ndipo BRELA.

Kama wewe ni Mwislamu, ongeza jambo moja: hiba (zawadi) hutimia kwa kukabidhi. Binti apokee gawio lake na aitwe mikutanoni tangu siku ile. Ukimpa hisa lakini gawio ukaendelea kulichukua wewe, warithi watadai hukuwahi kutoa. Na hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia. Wosia haumpi mrithi kitu mpaka warithi wenzake waridhie, kwa hiyo lifanye ukiwa na afya yako.

Mama ametuachia vyeti vya karatasi vya hisa za kampuni zilizoko Soko la Hisa la Dar es Salaam, vingine vya miaka ya mwanzo ya soko. Tuko wanne. Kaka ana simu ya mama yenye Hisa Kiganjani (programu ya kununua na kuuza hisa kwa simu), anataka auze tugawane fedha.
*Msomaji, Dodoma*

Kaka aiweke simu chini. Kuuza kupitia akaunti ya marehemu baada ya kifo ni kuuza mali isiyo yako, hata kama fedha mtagawana sawa kwa sawa.

Hapa hamhitaji ruhusa ya wakurugenzi, na hilo linawarahisishia. Msimamizi wa mirathi apeleke kwa dalali wa soko la hisa aliyeidhinishwa hati ya usimamizi, cheti cha kifo, vitambulisho na vyeti vya hisa. Kwanza aombe taarifa ya umiliki. Msigawane kwa kutazama karatasi: kampuni ikishatoa hisa za bonasi au kugawa hisa zake, idadi ya kwenye cheti cha zamani inakuwa si ile iliyoko kwenye daftari. Tumeona familia ikigombania hisa 400 wakati daftari lilikuwa na nyingi zaidi.

Mkitaka kubaki na hisa, kila mrithi anafungua akaunti yake ya hisa, na hisa zinahamishwa kwa njia ya mirathi bila kupitia mauzo ya sokoni. Mkitaka fedha, msimamizi ndiye anayeuza, na fedha ziingie akaunti ya mirathi. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa sokoni kwa mkazi wa Tanzania haitozwi kodi ya faida ya mtaji. Cheti kikiwa kimepotea, anzeni na taarifa ya upotevu polisi na hati ya kiapo. Ulizeni pia gawio la miaka ya nyuma, hasa kama akaunti ya benki ya mama ilishafungwa.

Baba alinunua hisa za Safaricom mwaka 2008. Amefariki, na tumeambiwa gawio limepelekwa serikalini. Tutalipataje?
*Msomaji, Mombasa*

Kenya ina mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA. Gawio lisilodaiwa kwa miaka mitatu hupelekwa huko, na hisa zenyewe huweza kufuata. Halijapotea. Kudai hakuna ada, kwa hiyo anayetaka asilimia 20 ili “alifukuzie” mwambieni asante.

Mnahitaji kwanza mahakama. Ombi la usimamizi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hati ya usimamizi ikitoka, kwa kawaida mnasubiri miezi sita ndipo ithibitishwe. Waislamu wanaweza kwenda Mahakama ya Kadhi. Kosa linalowarudisha wengi nyuma liko kwenye hati ya uthibitisho: hisa hazikutajwa, au zimetajwa bila idadi na bila namba ya akaunti ya CDS (akaunti ya kielektroniki ya kutunzia hisa), na dalali hawezi kuhamisha asichokiona. Kagueni rasimu kabla hakimu hajaisaini. Kila mrithi afungue akaunti ya CDS kwa jina lililo sawasawa na la kitambulisho na la hati. Herufi moja ikitofautiana, mnarudi mahakamani kurekebisha. Uhamisho wa msimamizi kwenda kwa mrithi hautozwi kodi ya faida ya mtaji.

Niko Muscat. Ndugu zangu Dar es Salaam wamefungua mirathi ya baba yenye hisa za kampuni. Lazima nirudi kusaini?
*Kijana wa Kariakoo*

Si lazima. Saini hati ya uwakilishi mbele ya ofisa wa ubalozi wa Tanzania, ukimpa mtu unayemwamini mamlaka mahususi: kupokea hisa zako katika kampuni fulani na kusaini hati ya uhamisho wa kupokea. Usiandike “kushughulikia mambo yangu yote”, kwa maneno hayo anaweza kuziuza. Tuma nakala halisi. Picha ya WhatsApp haitakubaliwa. Ikifika, ilipiwe stempu na isajiliwe kwa Msajili wa Hati.

Utahitaji namba ya NIDA na TIN. Kama huna NIDA, lifanyie kazi hilo kwanza, kabla hata ya hati ya uwakilishi, kwa sababu mfumo wa BRELA utasimama hapo na ndugu zako wote watakuwa wanakusubiri wewe. Na kama kampuni imesajiliwa Zanzibar, BRELA haihusiki: huko msajili ni BPRA na sheria ya makampuni ni yao ya mwaka 2013, kwa hiyo muulize ndugu yako akutumie picha ya cheti cha usajili leo hii, uone kimetolewa wapi.